Nimesimamisha Datsun 620 kwenye maonyesho ya magari ya zamani, bodi ya mzigo nimeiacha na makovu yake (uzi mrefu)

#1 PikapuYaMbao (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nachota maarifa ya kabureta na kutu kwenye nyuzi zenu. Leo na mimi naleta wangu.

Jumapili iliyopita nilisimamisha pikapu yangu kwenye maonyesho kwa mara ya kwanza. Ni Datsun 620 ya mwaka 1975, usukani wa kulia, injini ya J15 yenye ujazo wa cc 1,483. Imenila miaka minne na nusu ya jioni na wikiendi, maana mchana nina kazi nyingine kabisa. Kebini, boneti, milango na mabawa ya mbele nimeyarudisha kadiri nilivyoweza karibu na yalivyotoka kiwandani. Bodi ya mzigo, kwa ndani, sikuipiga rangi. Nimetoa kutu, nimeizuia isirudi, nikaishia hapo. Majaji wamenikata alama kwa hilo, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Kwa wasioijua: 620 ilitoka mwaka 1972 kurithi 521, ikaendelea kutengenezwa hadi 1979. Wamarekani waliipa jina la utani la "ubavu wa risasi" kwa sababu ya ule mstari uliochomoza ubavuni. Chini ina chasisi ya ngazi, mbele imebebwa na fito za chuma zinazojisokota, nyuma ina springi za mabapa. Ni chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kazi.

Aliyekuwa nayo kabla yangu ni seremala. Aliichukua ikiwa na miaka sita, akafanya nayo kazi zaidi ya miaka ishirini, kisha akaiegesha nyuma ya karakana yake. Nilipoikuta, matairi yalikuwa yamezama ardhini hadi kwenye rimu.

Sasa tazameni bodi. Karibu na mlango wa nyuma, matuta ya bati la sakafuni yamelazwa kwa upana wa viganja vitatu, pale mbao zilipokuwa zinaburuzwa kushuka. Kwenye kona ya kushoto mbele kuna bonde la pembe nne, dogo kuliko kiganja, limezama sana. Nadhani ni jiliwa (kile chombo cha chuma cha kubania kazi) iliangushwa. Na kwa nje, kwenye zile kulabu za kufungia kamba zilizopangwa ubavuni, ya pili kutoka mbele upande wa dereva imelika. Kamba imeichimbia mfereji ambao ukucha wa kidole gumba unaingia vizuri kabisa. Kulabu nyingine zote ni nzima.

Nilikuwa na mashine ya msasa mkononi siku niliyouona ule mfereji. Nikaizima.

#2 GiaYaNne

Ngoja nivute kiti. 620 ndiyo gari niliyojifunzia kuendesha. Tupia picha mkuu, na usisahau dashibodi.

#3 KutuHainaHuruma

Hongera sana mkuu. Kabla ya mjadala wa bodi, tueleze kutu ilikuwa imefika wapi na umeishughulikiaje. Na ile miaka minne iliishia wapi hasa?

#4 PikapuYaMbao

Mkuu, iliishia sakafuni kwa kebini. Nilipoinua zulia la raba nikaona ardhi. Pembe za nyuma za kebini zilikuwa zimeoza, milango imeoza kwa chini. Milango niliijua sababu yake palepale: matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na udongo na majani, kwa hiyo kila mvua maji yanashuka kwenye kioo, yanaingia ndani ya mlango na kukaa. Mwenye gari la zamani achukue waya mwembamba leo hii akazibue yale matundu.

Sikutaka kufunika kwa puti. Puti ni kama sifongo, inanyonya unyevu, ukiiweka juu ya kutu umeifunga kutu na maji yake chumba kimoja. Nilikata bati bovu hadi nikafika kwenye chuma kinachong'aa, nikachomelea vipande vipya, nikasaga, nikapaka praima ya epoksi siku ileile. Chuma kitupu hakilali nje. Ukikiacha hadi kesho, kama hewa ina unyevu, asubuhi utakikuta kimeota wekundu.

Fito za mbele nusura zinitie matatani. Nilizifungua zote mbili nikaziweka chini bila alama, nikidhani zinafanana. Kila fito imezoeshwa kusokotwa upande wake. Ukiigeuza ya kulia ukaiweka kushoto, unaisokota kinyume na inaweza kukatika. Bahati nzuri herufi zilikuwa zimegongwa kwenye ncha, zikatokea baada ya kusugua kwa brashi ya waya.

Rangi ya nje nilimpa fundi, mimi sina chumba cha kupigia. Na yeyote anayetaka kupiga mwenyewe hizi rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuzifanya zigande), tafadhali atafute kwanza barakoa inayoleta hewa safi kwa bomba. Zile hadina zina kemikali iitwayo isosianeti, ambayo inaharibu mapafu moja kwa moja. Kitambaa puani si kinga.

Bodi sasa. Hapa palinishangaza. Kebini imeoza, lakini sakafu ya bodi, iliyokaa wazi juani na mvuani miaka yote, ina kutu ya juujuu tu. Nilipoanza kuisafisha nikagundua kuna tabaka jeusi, gumu kama lami. Seremala alikuwa anamwaga humo oili chafu kila anapobadilisha, anaipaka kwa ufagio. Oili ile imelinda bati kuliko rangi yoyote. Nilikaa wiki tatu naitoa kwa sabuni ya kukata mafuta na kikwaruzo cha mti, nikipangusia matambara na kuyakusanya, kwa sababu uchafu ule haufai kumwagwa ardhini. Nikamaliza na tindikali ya fosforiki kugeuza kutu iliyobaki, nikapaka nta. Basi.

#5 MsasaNamba2000

Hongera kwa kazi, mkuu, nimeona picha na mapengo ya milango yako yako sawasawa. Ila nitakuwa mkweli, mimi niko na majaji.

Una gari moja lenye hali mbili. Anayesimama mbele anakutana na gari la 1975 limetoka kiwandani jana. Akizunguka nyuma anakutana na gari lililochakaa. Hiyo si kurejesha, na wala si kuhifadhi. Ungekuwa umeiacha yote na makovu yake ningekupigia makofi. Ungekuwa umeifanya yote mpya, vilevile. Isitoshe, makovu uliyoyaacha ni yale uliyoyapenda wewe. Kutu ya milango nayo ilikuwa historia, mbona hukuiacha?

#6 PikapuYaMbao

Swali zuri, na limenisumbua hata kabla hujaliuliza. Jibu langu ni kwamba kutu ya milango haikufanywa na mtu. Ni maji yaliyokosa njia. Ningeiacha, baada ya miaka mitano pasingekuwa na mlango. Bonde la bodini na mfereji wa kulabu havili gari, havikui, na kila kimoja kimeachwa na mkono wa mtu akiwa kazini. Hapo ndipo nilipochora mstari wangu. Nakubali kwamba ni mstari wangu.

#7 MwamuziWaZamani

Salaam wote. Nimesimama upande wa pili wa meza miaka kadhaa, nikiwa na karatasi na tochi, kwa hiyo nichangie kidogo.

Kwanza tutenganishe maneno. Kuhifadhi ni kuzuia gari lisiharibike zaidi, bila kuligeuza. Kurejesha ni kulirudisha katika hali ya tarehe fulani. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, linaliita gari la kihistoria lile lenye angalau miaka 30, lililotunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na ambalo si usafiri wa kila siku. Mwaka 2012 likapitisha Mkataba wa Turin, na roho ya mkataba ule ni kwamba alama za maisha ya gari zina thamani, usizifute bila sababu, na kila ulichobadilisha ukiandike. Kwa hiyo mleta uzi hayuko peke yake.

Lakini maonyesho mengi ya ngazi ya chini hayahukumu kwa mkataba huo. Jaji anaanza na alama 100, anapunguza kwa kila kasoro anayoiona. Ana dakika kama kumi kwa gari. Anaona bati lililobonyea, anaandika. Hana namna ya kujua kama umeliacha kwa makusudi au muda ulikuishia.

Naomba kuuliza, mkuu: kadi ya maelezo uliyoweka mbele ya gari iliandikwaje?

#8 PikapuYaMbao

Mwamuzi, umenipata penyewe. Iliandikwa: Datsun 620, 1975, injini J15, gia nne. Mwisho.

Niwasimulie ilivyokuwa. Walikuja majaji watatu. Mmoja alikuwa na tochi na kioo kidogo chenye mpini mrefu, akawa anakipitisha chini ya gari kama daktari wa meno. Waliandika kwamba vibanio vya hozi za rejeta ni vya skrubu, wakati vya asili ni vya waya. Kweli, alama moja imekwenda. Waliona vumbi la rangi kwenye raba ya mlango wa abiria, fundi hakuiziba vizuri na mimi sikuiona miezi yote ile, alama mbili. Matairi si ya saizi ya asili, mbili nyingine. Hayo yote sina la kusema.

Walipofika nyuma, mmoja akachungulia bodini, akaniuliza, "Hii utaimalizia lini?"

Nilishikwa na kigugumizi. Nina miaka minne na nusu ya kulifikiria lile bati, halafu naulizwa swali la maneno matatu nashindwa kujibu. Nikasema tu "hapana, nimeiacha hivi." Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Alama sita. Jumla nikapata 89, nafasi ya tatu katika kundi la magari ya kazi.

Nafasi ya tatu naipokea kwa mikono miwili. Kinachoniuma ni lile swali.

#9 Mama_Boneti

Kaka hongera, tatu kwa mara ya kwanza si haba. Mimi na mume wangu tunamalizia Peugeot 404 pikapu na tunataka kuingia mwakani. Wewe siku yenyewe ulijiandaaje? Sijui hata tubebe nini.

#10 PikapuYaMbao

Asante dada yangu, na 404 pikapu nitasafiri kuiona.

Osheni siku mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe, maana maji yanajificha kwenye maungio na yatatiririka na vumbi gari likishasimama. Tumieni ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Mkifika uwanjani, vumbi la njiani msilipanguse kwa kitambaa kikavu. Nyunyizeni kwanza maji maalumu ya kupangusia, ndipo mpitishe mikrofaiba bila kukandamiza. Nilimwona jirani yangu anafuta boneti nyeusi kwa taulo kavu, na jua lilipopanda ile boneti yote ikajaa duara duara kama utando wa buibui.

Safisha matao ya magurudumu kwa ndani, kwenye pikapu watu huinama. Toeni kokoto kwenye vifungu vya tairi. Mafuta ya breki yakidondokea rangi, mwagieni maji papo hapo, yanaila. Na ombeni watu kwa upole wasiegemee, kuna mikanda yenye vishikizo vya chuma. Mimi sikufunga kamba, kwa sababu watoto walitaka kukaa kwenye usukani, nikawaruhusu mmojammoja.

Cha muhimu kuliko vyote: mtungi wa kuzimia moto, na uwe mkononi, usiwe chini ya kiti. Sikubeba kwa ajili ya sheria ya maonyesho tu. Niliendesha hadi uwanjani, nikaegesha, nikafungua boneti, nikasikia harufu. Petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kabureta, tone kwa tone, sentimita chache kutoka kwenye bomba la moshi lenye moto. Nilizima injini, nikatoa waya wa betri, nikawaomba watu warudi nyuma. Sindano ya boya ilikuwa imekwama wazi, uchafu kutoka kwenye tenki. Baada ya injini kupoa niligonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara tatu, boya likaachia na uvujaji ukakoma. Lakini mikono ilitetemeka nusu saa nzima. Wekeni chujio jipya la mafuta kabla ya kuja, na msijaze tenki.

#11 GiaYaNne

Niongezee kwa wenye injini za enzi hizo. Nyingi ziliundwa wakati petroli ina risasi, na ile risasi ilikuwa inalinda makalio ya valvu, yaani pale valvu inapokaa ikifunga. Petroli ya risasi imekwisha duniani, nchi ya mwisho iliacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Kama kichwa cha injini yako hakijawekwa makalio magumu, usiende nayo kasi kubwa safari ndefu, na pima nafasi ya valvu mara kwa mara. Nafasi ikizidi kupungua, valvu inazama.

Na oili, tafuteni yenye zinki ya kutosha. Nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki kwa ajili ya vifaa vya kusafishia moshi, na kemshafti za zamani zinazosuguana moja kwa moja na tapeti zinaisha haraka.

#12 MsasaNamba2000

Nimesoma yote, mkuu. Kwenye bodi bado sijahama kabisa, mimi ningeipiga rangi. Ila ile hoja ya kovu lililofanywa na mkono na kovu lililofanywa na maji nimekaa nayo siku mbili. Nina Hilux ya baba yangu, nayo ina bonde kwenye bawa la kulia. Nilikuwa nimepanga kulinyoosha wiki hii. Nimesogeza mbele kwanza, namuuliza mama lilitokana na nini.

#13 MwamuziWaZamani

Mleta uzi, ushauri wangu ni huu. Andaa faili: picha za kabla, za katikati, za baada, pamoja na maelezo ya nini ulibadilisha na nini ulikiacha na kwa nini. Liweke wazi juu ya kiti. Kisha kwenye kadi iandike bodi kwa jina. Jaji akishasoma kwamba umeiacha kwa makusudi, hawezi tena kuihesabu kama kazi isiyokwisha. Anaweza bado asikubaliane nawe, ila atakuwa anahukumu uamuzi wako.

Lakini kuwa na uhakika na unachokiandika. Umesema bonde ni la jiliwa. Umejuaje?

#14 PikapuYaMbao

Wakuu, samahani kwa ukimya wa siku nne, nilikuwa nalitafuta jibu la swali la Mwamuzi.

Kuna jambo sikuwasimulia. Jioni ya maonyesho, watu wakiwa wanapungua, alikuja mzee mmoja, akapita mbele bila hata kuitazama rangi niliyoihangaikia, akaenda moja kwa moja ubavuni. Akaweka ukucha wake kwenye ule mfereji wa kulabu. Akaupitisha juu chini mara kadhaa. Kisha akaniambia: "Huyu alikuwa anafunga mzigo peke yake." Nikamuuliza amejuaje. Akasema ukiwa wawili, kila mtu ana upande wake na kamba inaanzia popote. Ukiwa peke yako unashuka mlangoni, unafunga fundo kwenye kulabu iliyo karibu na mkono, unarusha kamba juu ya mzigo, unazunguka kuivuta, unarudi kumalizia ulipoanzia. Kila safari, kulabu ileile ndiyo inayokazwa mwanzo na mwisho.

Nilibaki namtazama. Alikuwa mpakiaji wa malori ujana wake.

Basi juzi, baada ya swali la Mwamuzi, nilimpigia yule seremala. Yupo, amezeeka, masikio yamepungua, binti yake ndiye aliyekuwa anamrudishia maneno yangu kwa sauti. Nikamuuliza kuhusu kulabu. Akacheka. Akasema kweli, alikuwa peke yake karibu miaka yote, msaidizi wake aliondoka mapema kwenda kufungua karakana yake na hakuchukua mwingine.

Nikamuuliza kuhusu bonde. Si jiliwa. Ni mguu wa mashine ya kuranda, ya kwanza aliyoinunua. Aliipakia kwa kuitembeza juu ya mbao mbili, kama kawaida peke yake, mbao moja ikateleza. Mashine ilisimama kwa mguu mmoja kwenye ile kona, haikuanguka nje. Anasema aliikumbatia vile ilivyo hadi mpita njia alipokuja kumsaidia. Binti alipomweleza kwamba lile bonde bado lipo, akaniomba nimtumie picha yake. Ya bonde, si ya gari.

Kibanio cha waya nimeshakipata, raba ya mlango nimeisafisha, tenki nimelifungua na kulisuuza. Kadi nimeichapa upya na nitaiweka mbele ya pikapu maonyesho yajayo. Inasomeka hivi:

*Datsun 620, 1975. Injini J15, cc 1,483.*
*Kebini na sehemu za mbele zimerejeshwa. Bodi ya mzigo imehifadhiwa kama ilivyotoka kazini.*
*Kulabu ya pili, upande wa dereva: kamba ya seremala aliyefunga mzigo peke yake zaidi ya miaka ishirini.*
*Kona ya kushoto mbele: mguu wa mashine yake ya kwanza ya kuranda.*
*Unaruhusiwa kugusa.*